Vijana Waachiwe Kazi Yao

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka, Kaloleni, Voi



Halmashauri iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya malezi ya vijana. Nimelifikiri neno hilo kwa muda wa majuma mawili, na mwisho nimeona kuwa juu ya malezi sina jipya la kuwaambia, kwa kuwa wengi mlioketi hapa mmelea watoto wengi kuliko mimi, na wengine mmenilea mimi mwenyewe. Kwa hiyo naomba ruhusa nisogee kidogo. Nitasema juu ya jambo lililo jirani na hilo, nalo ni kama inafaa vijana wa mtaa huu waachiwe kuongoza wenyewe kazi za kuusaidia mtaa, na sisi wazee tukae kando. Nimesema kando, sikusema mbali.

Sababu yangu ni hii. Nilipopewa taarifa ya mwaka niliisoma yote pamoja na hesabu zake. Ni taarifa njema. Maziko yalisimamiwa vizuri, wagonjwa walitazamwa, watoto kadhaa walilipiwa karo, na mweka hazina wetu anastahili shukrani kwa kuwa kila shilingi inaonekana ilikotoka na ilikokwenda. Lakini nilitafuta neno "vijana" katika kurasa hizo nikalikuta mara mbili tu. Mara ya kwanza imeandikwa kwamba vijana walisaidia kubeba viti. Mara ya pili imeandikwa kwamba vijana waliokuwa nje ya ukumbi waliombwa wanyamaze.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti yetu ya Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671, na katika Kenya nzima watu watatu kwa kila wanne walikuwa hawajatimiza miaka 35. Chama kisichowajua watu hao ila kwa viti na kelele, siku moja kitakosa hata wa kuchimba kaburi, nasi tumekianzisha tuzikane.

Yafaa niseme wazi kwamba kosa ninalolitaja nimelitenda mimi kabla ya mtu mwingine. Miaka mingi iliyopita walinijia vijana sita wa jirani zangu, wanne wa kiume na wawili wa kike. Walikuwa wameona mtaro ulio nyuma ya nyumba zetu umejaa mchanga na takataka, na walijua, kama tujuavyo sote, kwamba mvua za Novemba na Desemba zikianguka hapa Voi maji hushuka kwa nguvu siku mbili tatu na kuingia katika vyumba vya watu. Wakaniomba jembe, sepetu, na neno la kuwaombea ruhusa. Hawakuomba kitu kingine.

Mimi nikafurahi mno, na furaha yangu ndiyo iliyoharibu kazi. Nikawaambia wangoje, jambo hili ni kubwa, lifanywe kwa heshima. Nikawaita wazee wenzangu, tukaunda halmashauri ya watu saba, wote wenye mvi. Tukaandika barua. Tukatafuta mgeni wa heshima. Tukaomba fulana zenye maandishi, na fulana zikachelewa, kwa hiyo siku ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Tulinunua toroli moja kwa michango, toroli nzuri ya chuma. Hatimaye siku ikafika, hotuba tano zikasomwa, na saa sita mchana vijana wale wakaanza kuchimba huku sisi tukiwaonyesha kwa fimbo mahali pa kuchimba. Walichimba mpaka jioni. Jumamosi iliyofuata hakuja hata mmoja. Mvua zilipofika mtaro ulikuwa umefunguka nusu, na maji yakaingia katika vyumba vilevile.

Mwaka mmoja baadaye nilimwuliza mmoja wao, kijana mwenye adabu sana, kwa nini waliiacha kazi waliyoitaka wenyewe. Akatazama chini akanijibu, "Mzee, shikamoo yako naiheshimu, lakini ile kazi ilikuwa yenu." Sikuwa na la kumjibu. Na toroli ile, ndugu zangu, ilikuwa nyumbani kwangu, nikibebea mchanga wa kujengea jiko.

Baadhi ya wazee wataniambia kwamba haya ya vijana kuongoza ni mambo mapya yaliyoletwa na simu na televisheni. Sivyo. Marehemu Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930, na mwaka 1953, akiwa na miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la nchi hii. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, aliyetumwa kuwasemea mbele ya waajiri alikuwa kijana huyo wa miaka 24. Makuli wale walikuwa na watu wazima wa kutosha. Wangeweza kumwambia akae nje na kubeba viti. Hata hapa kwetu, wanachama wanaokumbuka hadithi za baba zao wanajua habari za Taita Hills Association, ambayo Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1940 pamoja na chama cha Wakikuyu na cha Wakamba, kwa sababu ya kusema juu ya ardhi. Nawauliza: watu wanaothubutu mambo kama hayo, je, walingoja kwanza fulana?

Lakini mfano ninaotaka kuutazama kwa urefu hautoki katika siasa, unatoka katika takataka. Wengi wenu mmewahi kufika Nairobi na mnaijua Mathare, angalau kwa kupita barabarani. Mwaka 1987 kilianzishwa huko chama cha michezo cha vijana, ambacho kwa herufi za Kiingereza huitwa MYSA. Aliyekianzisha ni Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi za mazingira mjini Nairobi. Aliwakuta watoto wakicheza kandanda katika uwanja mchafu, na mpira wenyewe ni wa matambara na karatasi za plastiki zilizofungwa kwa kamba, kama tulioucheza sisi. Akafanya nao mapatano mafupi: wao wakitenda jambo, naye atatenda, wasipotenda, naye hatatenda kitu. Tazameni mapatano hayo yalivyo. Hakuwaambia wamtii, wala hakuwaambia atawatendea.

Mathare wakati ule takataka zilijaa katika vichochoro na mitaro, na watoto waliugua kwa uchafu huo. Basi vijana wakaweka sheria katika ligi yao ambayo nadhani ingewashangaza wakubwa wa kandanda wa dunia nzima. Timu iliyoshinda mchezo ilipata pointi tatu. Timu iliyokamilisha kazi ya kusafisha sehemu ya mtaa wake ilipata pointi sita. Maana yake ni kwamba wavulana hodari wa kufunga magoli wasioshika ufagio waliweza kupitwa na timu dhaifu yenye bidii ya kuzoa taka. Mtoto wa miaka kumi na miwili akapata sababu yake mwenyewe ya kuamka Jumamosi asubuhi, na sababu hiyo haikuwa hotuba ya mzee.

Na uongozi ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa vijana wenyewe. Waliwachagua viongozi wao sehemu kwa sehemu, na wengi wa viongozi hao walikuwa hawajafika miaka ishirini. Wao ndio waliopanga ratiba, wakaamua mashauri ya timu zilizogombana, wakakagua kama mtaro umesafishwa kweli au umefagiliwa juu juu. Mtu asiyewahi kukaguliwa na kijana mwenzake hajui ukali. Mzee hudanganyika, huonyeshwa mita kumi za mwanzo akasema vema, watoto wangu, akarudi kunywa chai. Kijana mwenzao atakwenda hadi mwisho wa mtaro, kwa kuwa pointi sita si jambo la mchezo.

Vijana waliojitolea zaidi katika uongozi na kazi za mtaa walipata tuzo, na tuzo hiyo haikuwa fedha mkononi bali karo, iliyopelekwa shuleni moja kwa moja. Naomba mweka hazina alitie alama jambo hili, nitalirudia. Mwaka 1992 wasichana nao wakapata ligi yao. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukawapa vijana wale tuzo yake ya mazingira iitwayo Global 500. Baadaye, mwaka 1994, wakaunda timu ya watu wazima, Mathare United, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa Kenya. Nayataja haya ya mwisho kwa ajili ya wale wapendao kandanda, nami ni mmoja wao. Lakini kwa mkutano huu ufagio una maana kuliko kikombe.

Watu wazima hawakukosekana Mathare. Walitafuta vifaa, walifungua milango ya ofisi ambazo kijana hawezi kufungua, na walisimama nyuma vijana walipotishwa. Hawakuchagua mtaro gani usafishwe. Hapo ndipo palipo mpaka, na ndipo mimi nilipouvuka na fimbo yangu.

Profesa Wangari Maathai naye alipata kukutana na mpaka huo. Kazi yake ya kupanda miti ilianza kwa miti saba siku ya tarehe 5 Juni 1977, na akina mama wa vijijini walipoanza kuotesha miche waliletewa wataalamu wa misitu wa kuwafundisha. Mafundisho yakawa magumu, ya vipimo na majina ya kigeni. Akina mama wakaona wao wamepanda mbegu maisha yao yote, wakaendelea kwa njia yao, wakitumia vyungu vilivyovunjika na makopo, na malipo madogo waliyopata yalihesabiwa kwa miche iliyoishi. Mche uliokauka haukulipwa. Sisi tumezoea kinyume chake. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitoa siku nzima ya mapumziko ili watu wapande miti, na ni jambo jema. Lakini hapa Voi, penye jua hili na mbuzi hawa, kupanda ni kazi ya asubuhi moja na kumwagilia ni kazi ya miaka mitatu. Hakuna mgeni wa heshima atakayekuja kumwagilia. Atakayemwagilia ni yule aliyeuchagua mti ule.

Serikali zetu zimejaribu pia kuwapa vijana kazi za mitaa. Mwaka 2009 ilikuwapo Kazi kwa Vijana, na mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ikawapo Kazi Mtaani. Mipango hiyo iliwalisha watu katika siku ngumu, na mimi sitaidharau hata kidogo, kwa kuwa mtu mwenye njaa hapangi mambo ya mtaa. Ila vijana humo walikuwa vibarua. Kazi ilipangwa ofisini, na malipo yalipokoma ufagio ukawekwa chini. Hiyo ni haki ya kibarua. Mimi leo nasema juu ya kitu kingine, yaani kazi ambayo kijana ataifanya hata asipolipwa kwa sababu ni yake, jina lake liko juu yake, na wenzake watamcheka ikianguka.

Sasa nije kwenye hoja za wazee wenzangu, maana nimezisikia nje ya ukumbi kabla ya kuingia.

Ya kwanza ni fedha. Wanasema mkiwapa vijana fedha watazila. Bwana Mwenyekiti, nataka tuwe wakweli. Kuna vyama vingi vya wazee nchini ambavyo fedha zake zimeliwa na watu wenye mvi, kofia nzuri na mihuri. Umri haujawahi kuwa kufuli. Kufuli ni daftari lililo wazi, fedha kidogo kwa wakati, na kusoma hesabu mbele ya watu. Vijana wa siku hizi kwa jambo hili wametupita, kwa kuwa tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mchango wa kila mtu huacha alama yake katika simu, na kikundi kizima huona nani ametoa na nani hajatoa. Nimewaona wakichangishana kwa ajili ya mwenzao aliyelazwa hospitali. Kabla ya saa mbili walikuwa wamekusanya, wametuma, na hesabu imesomwa na wote. Sisi kwa jambo kama hilo tungekuwa bado tunatafuta kalamu. Hata hivyo sisemi wapewe mfuko wote. Waanze na kidogo, na kinachofuata kitoke baada ya cha kwanza kusomwa. Kikipotea kidogo hicho, tutakuwa tumejifunza kwa bei nafuu, na wao watakuwa wamejifunza kwa aibu, ambayo ni mwalimu asiyesahaulika.

Ya pili ni uzoefu. Hoja hii inanitatiza, kwa sababu ni kweli hawana. Lakini uzoefu wa kuongoza haupatikani kwa kubeba viti. Baden-Powell, yule aliyeanzisha uskauti na kuzikwa Nyeri mwaka 1941, alilifahamu hilo: aliwagawa wavulana katika vikundi vidogo, kila kikundi kikawa na mkuu wake aliye mvulana kama wao, na mtu mzima akasemeshwa kupitia kwa mkuu huyo. Hapa Kenya, tangu mwaka 1966, iko Tuzo ya Rais kwa vijana wa umri wa miaka 14 hadi 24, na sehemu moja ya tuzo hiyo ni huduma kwa jamii, ambayo kijana huichagua mwenyewe. Basi hatuvumbui kitu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 55, inaitaka Serikali ihakikishe vijana wanapata nafasi ya kushiriki katika mambo ya siasa, ya jamii na ya uchumi. Tukiitaka Serikali ifanye hivyo kule Nairobi, haifai sisi tukatae hapa Kaloleni.

Ya tatu ni adabu, na ya nne ni siasa. Nitazichukua pamoja kwa kuwa mara nyingi ni hofu moja yenye majina mawili. Mwezi wa Juni mwaka 2024 tuliona vijana wa nchi hii wakiingia barabarani kuupinga mswada wa fedha. Walijipanga bila mwenyekiti na bila ofisi, na wengine walipoteza maisha. Mswada ukaondolewa. Kila mtu hapa ana maoni yake juu ya siku zile, na mkutano huu si mahali pa kuyagombania. Mimi nataka tuone jambo moja tu: vijana wetu wanaweza kujipanga, watu elfu kwa elfu, wakiwa na jambo wanaloliona ni lao. Anayedhani kwamba hawajui kuongoza hakutazama. Swali ni kama uwezo huo utapata kazi ya kufanya hapa nyumbani, pamoja nasi, au utatujia siku ya hasira tu. Na juu ya wanasiasa wanaowanunua vijana kwa noti mia mbili wakati wa kampeni, kijana aliye na mradi wake na daftari lake ana bei kubwa kidogo kuliko yule anayekaa kwenye jiwe tangu asubuhi.

Kuhusu adabu nina neno la kwetu. Wazee wa Kidawida walikuwa na desturi ya kutasa. Mzee alitia maji au pombe ya miwa kinywani, akayapulizia nje, akitamka maneno ya kuondoa hasira na kutakia mema. Mtaalamu Grace Harris aliandika kitabu kizima juu ya desturi hiyo, kilichotoka mwaka 1978. Wengi wetu leo ni Wakristo, wengine ni Waislamu, nami siwaombi mrudie mambo ya kale. Nataka tulikumbuke wazo lililokuwa chini yake. Wazee wale waliamini kwamba hasira ya mkubwa iliyofichwa moyoni, hata kama hakuisema, ilitosha kuleta ugonjwa na kuharibu mambo ya mdogo wake. Kwa hiyo mkubwa alikuwa na wajibu wa kuitoa, hadharani, kwa kinywa chake.

Naona hekima kubwa hapo. Sijaona mradi wa vijana ulioangushwa na mzee aliyesimama akasema "nakataa." Mzee wa namna hiyo hujibiwa, mambo yakaendelea. Miradi huangushwa na mzee aliyenuna. Hakukataa, lakini ufunguo wa ukumbi haukuonekana siku ile. Hakukataa, lakini aliuliza kwa upole mbele ya watu wote, "Na nyinyi ni watoto wa nani?" Hakukataa, ila barua ililala mezani kwake mwezi mzima. Sisi tunaijua hasira hii kwa kuwa tunayo. Inatokana na kuona jambo jema linatendeka katika mtaa na jina letu halikutajwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Nadhani nilipenda mtaro ule usafishwe, lakini nilipenda zaidi usafishwe na mimi. Basi kama kuna kazi ya wazee katika jambo hili ambayo hakuna kijana awezaye kuifanya, ni hiyo ya kusimama hadharani na kuitoa hasira, tukawatakia mema kabla hatujajua kama watafaulu.

Neno juu ya mabinti zetu. Msichana wa hapa ndiye achotaye maji, na ajuaye bomba gani limekauka tangu lini kuliko afisa yeyote. Lakini mkutano wa vijana ukiitwa jioni, yeye yuko jikoni, na wavulana huamua peke yao kisha wakamletea kazi ya kupika chai. Akina mama mliopo, nanyi mna ufunguo mkononi hapa. Bila nyinyi kumpa binti saa mbili za Jumamosi, chama cha vijana kitakuwa cha wavulana, na baba zake watakuwa tumebadilisha wazee kwa wazee wadogo.

Mtaniuliza vijana hao watafanya kazi gani. Ninayo mapendekezo, kwa kuwa mzee hakosi mapendekezo. Mitaro ipo. Takataka zipo, ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti mwaka 2017. Kuna wazee wanaoishi peke yao wasio na wa kuwachotea maji, na kuna watoto wanaovuka barabara kuu ya Mombasa kwenda shule. Lakini nimejifunza kuyaweka mfukoni. Labda watachagua jambo nisilolipenda. Labda watasema wanataka kwanza kupaka rangi milingoti ya goli, nasi tutaona ni upuuzi. Naomba siku hiyo tukumbuke kwamba Mathare ilianza kwa mpira wa matambara. Na labda watapanda miche mia, ukame ukaja, ikafa tisini. Wazee hapa tumepanda mahindi mara ngapi yakaliwa na jua, na mara ngapi yakaliwa na ndovu waliotoka mbugani usiku? Hakuna aliyetunyang'anya shamba.

Bwana Mwenyekiti, nimeandika azimio ambalo naomba lipigiwe kura leo. Linasema kwamba chama kitenge kila mwaka sehemu moja kwa kumi ya ada zake iwe ya kazi za vijana wa mtaa. Vijana wachague wenyewe halmashauri yao, ambayo nusu yake isipungue kuwa wasichana, na wajiandikishe kwa sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 ili wasiwe kivuli chetu. Kazi waichague wao. Chama hiki kisiweze kuibadili wala kuiahirisha, isipokuwa pale inapoonekana wazi kwamba mtu ataumia au sheria itavunjwa, na sababu hiyo iandikwe. Fedha zitolewe mara tatu kwa mwaka, na daftari lao lisomwe katika mkutano huu na mmoja wao, akiwa amesimama pale nisimamapo mimi sasa. Wakitaka mzee wa kuwashauri wamwite wao kwa jina. Asiyeitwa asijialike. Na mwisho wa mwaka, mmoja katika wale waliotumika zaidi alipiwe karo ya muhula mmoja, ipelekwe shuleni moja kwa moja. Hili ndilo nililomwomba mweka hazina alitie alama.

Katika taarifa ya mwaka ujao naomba waandike ukurasa wao wenyewe, na karani asiusahihishe ila tahajia.

Toroli nimeileta. Iko nje chini ya mti, nimeitia gurudumu jipya na kupaka mafuta. Naomba mwanachama mmoja aliunge mkono azimio hili, kisha Bwana Mwenyekiti aruhusu maswali, na wale vijana walio nje waitwe waingie kabla ya kura kupigwa.